Avokado Iliyoniongezea Mbuzi

Mimi nikianza kubishana akili hunitoka, na Jumamosi nilibishana ukweni. Tulikuwa tumeenda Mugutha kupeleka mbuzi wa ruracio, yaani mahari ya Wambui wangu. Tukingoja chakula nyuma ya nyumba, shemeji yangu Njoroge akanionyesha video ya besiboli kwenye simu.

"Ukipiga, uzito unahamia mguu wa mbele," akasema.

"Wacha uongo. Unabaki mguu wa nyuma, kiuno ndicho kinazunguka."

Besiboli sijawahi kucheza, lakini kushindwa na shemeji siku hiyo nilikataa. Nikachukua mwiko wa ugali, nikamwambia anirushie avokado. Nikakita mguu wa nyuma, nikazungusha kiuno. Avokado ikapaa juu ya mabati, na kule mbele, kwa wazee, maombi ya chakula yakakatika ghafla.

Tulipokimbia huko, baba mkwe alikuwa akipanguza kipara kwa kitambaa cha meza.

"Nimewasikia mkibishana," akasema polepole. "Njoroge alikuwa anasema ukweli. Na wewe, ongeza mbuzi."