Uzi wa Kijani kwenye Mguu wa Kuku

Kuku wangu walianza kuchechemea mwaka uleule mume wangu alipopunguzwa kazi kiwanda cha nguo. Kirumba, mtaa wetu wa kando ya ziwa, miaka ya tisini ilikuwa hivyo, kila nyumba ina mtu wake aliyepunguzwa. Yeye akaenda Mwaloni, soko la samaki, kushona nyavu za watu, mimi nikafuga. Nilikuwa na kuku tisa, wote majike, ndiyo kwanza wanaanza kutaga, nyuma ya nyumba ya kupanga, kwenye uwanja wa mawe ambao hata mchicha ulikataa kuota.

Uwanja huo tuliutumia pamoja na bibi mmoja mjane, Mwislamu, ambaye marehemu mumewe alimleta mjini kutoka Tabora akiwa msichana. Yeye pia alifuga kuku, ila riziki yake ilikuwa kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki viwandani minofu ikishapelekwa Ulaya. Moshi ulimfanya awe na macho mekundu mchana kutwa. Nikitoka asubuhi, "Shikamoo bibi," naye, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Chumvi ikimwishia anaazima kwangu, ikiniishia naazima kwake. Tuliishi vizuri, na hilo nataka lijulikane kwanza.

Ugomvi uliletwa na yai. Niliona yai kwenye kikapu chake nikaamua ni la kuku wangu, kana kwamba yai lina jina. Hasira zangu ziko karibu, sikatai, hata mama yangu alikuwa akiniambia nitaolewa na kurudishwa. Siku hiyohiyo nikachukua vipande vya uzi wa nailoni wa kijani ambavyo mume wangu aliviokota kwenye kazi ya nyavu, nikawakamata kuku wangu mmoja mmoja, nikawafunga mguuni. Kuweka alama si jambo la ajabu, uswahilini kila mtu hufunga kuku wake. Lakini wengine hufunga kipande cha kanga kuukuu. Mimi nilifunga nailoni, fundo la kukaza, huku nikipaza sauti ili asikie: "Haya! Sasa kila mtu atajua cha kwake!"

Bibi alikuwa anageuza mapanki. Akaangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, hao bado wanakua, na uzi huo hauachii. Wafunge kitambaa, kilegee, kidole kipite."

"Bibi, kila mtu na kuku wake," nikamjibu. Nikaingia ndani.

Miezi miwili mitatu ikapita, mmoja akaanza kuchechemea. Nikamgeuza, nikaangalia unyayo kama kuna mwiba au kigaga cheusi cha jipu. Hamna. Wa pili akafuata, halafu wa tatu, mguu umevimba na vidole vimekuwa vya moto. Nikasema basi ni wale wadudu wanaoingia chini ya magamba ya miguu, nikawapaka mafuta ya kula yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Wapi! Uzi wenyewe sikuuona tena, nikadhani umekatika ukaanguka. Kufikia wa tano, kidole cha yule wa kwanza kilikuwa kimekauka, cheusi, na alikuwa analala tu akinitazama.

Na kuku wa bibi? Wazima, wanaparura kama kawaida. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa bombani, foleni ndefu, wanawake wananiuliza kuku wanaendeleaje. Nikasema, "Wanaugua wa kwangu tu, uwanja mmoja, pumba zilezile. Mimi simtaji mtu. Ila kuna watu wana jicho."

Halafu mama mmoja anayeuza nyanya akasema polepole, "Na yale macho yalivyo mekundu."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Tulikuwa tunasikia kila siku habari za vijijini, vikongwe wanaitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Nililijua hilo wakati ninasema, nikasema hivyohivyo. Ulimi hauna mfupa. Wiki haikuisha, mapanki ya bibi yakaanza kulala bila mnunuzi. Watoto waliokuwa wakitumwa kwake wakapitishwa njia nyingine, na siku moja tukaamka tukakuta mawe juu ya bati lake.

Siku hiyo ya mawe ndiyo alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana. Alikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, wembe mpya, sindano, na chupa ndogo ya asali ya kwao Tabora. Akakaa kwenye kigoda, akasema, "Niletee yule mgonjwa zaidi."

Akamlaza mapajani, akamfunika macho kwa ncha ya mtandio wake, kuku akatulia. Miguu ikalowekwa mpaka ngozi ikalainika. Mimi siku zote nilikuwa naangalia chini ya unyayo. Yeye alipitisha ukucha wa kidole gumba kuanzia juu, mfupani, akashuka nao taratibu, mpaka ukaingia kwenye kijishimo kilichozunguka mguu mzima. Akapasua kidogo kwa wembe, akachokonoa kwa sindano. Ukatoka uzi wa kijani, umelowa usaha.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga magoti, nikaanza, "Bibi, naomba..."

"Shika mguu, damu inatoka," akasema.

Tukawafanyia wote tisa, hata ambao hawajavimba. Kila kidonda alikipaka asali, akakifunga kitambaa safi kilicholegea. Alipomaliza aliosha mikono, akaniangalia kwa macho yale mekundu. "Mimi nikisema ni uzi, watasema najitetea. Sema wewe."

Kesho yake nikaenda bombani nimekaza moyo. Wakaniuliza kuku wanaendeleaje. Nikasema, "Hivyohivyo." Kesho kutwa, hivyohivyo. Niliona aibu, basi. Miaka mingi nimetafuta sababu nyingine ya kujitetea, sijaipata.

Siku ya nne mawe yalipiga mlango wa bibi. Mwanawe, mwenye duka Magu, akapata habari, akaja na pikapu. Hakuniamkia. Bibi alipakiwa pamoja na sufuria zake na kuku wake miguu imefungwa vitambaa. Alinikabidhi ile chupa ya asali na kuniambia, "Waoshe kila siku, chumvi isizidi." Nikaitikia ndiyo bibi. Sikusema lingine, na gari likaondoka.

Vidonda vilikauka. Mmoja alipoteza kidole, wengine wote wakapona, na mwezi ulipoisha walikuwa wanaparura uwanja mzima peke yao.

Ndipo yule muuza nyanya akaniambia bombani, mbele ya watu, "Umeona sasa? Kaondoka tu, kuku wamepona!"

Wakaitikia wote. Nikaacha ndoo kwenye foleni, nikakimbia nyumbani, nikarudi na kuku kwapani. Nikawaonyesha kovu lililozunguka mguu. Nikasema yote, nikilia: uzi wa nyavu, fundo nililolikaza mimi, maneno ya bibi niliyoyapuuza, wembe, asali. Nikasema, "Ni mimi! Hakuna jicho, hakuna nini, uzi niliufunga mimi kwa mikono yangu!"

Wakaliangalia kovu, wakalipapasa. Yule mama akanishika bega kwa huruma ya kweli kabisa.

"Pole mwenzangu," akasema. "Na hiyo akili ya kufunga uzi, unadhani nani alikutia?"

Nikalegeza mikono. Kuku akashuka chini, akajikung'uta, akaenda zake kwa miguu yote miwili.