Kivuko Kinachoishia Ukutani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lami ingali na umande, na mwanamke aliyevaa koti la rangi ya machungwa ameinama katikati ya barabara na kipande cha chaki. Anachora mistari minene, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda. Ikifika saa sita mchana, matairi yatakuwa yameifuta yote. Kesho atarudi.

Wenzake katika idara ya barabara ya halmashauri humwita Mama Mistari. Kwa miaka kumi na tisa amepaka rangi vivuko vya waenda kwa miguu vya mji mzima. Hata usingizini, mumewe anasema, mkono wake huendelea kupaka shuka.

"Namwambia apake na upande wangu, angalau na mimi nivuke salama," mzee anatania.

Kivuko kimoja ndicho kinachomkosesha raha. Mwaka jana alikipaka mbele ya shule ya msingi, wakati wa likizo, akifuata ramani ya ofisini sentimita kwa sentimita. Hakuna aliyemwambia kwamba lango lilikuwa limehamishiwa mwisho wa ukuta, hatua sitini na mbili mbele. Kivuko kikatoka cheupe pe, kikaenda moja kwa moja hadi ukutani.

"Sikuinua macho," anasema. "Niliiamini karatasi kuliko ukuta. Nilivyoona aibu, we acha tu!"

Watoto huvukia langoni, pasipo na mstari. Mwezi uliopita mmoja aligongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Tangu hapo Mama Mistari hana amani. Ombi lake la kukihamisha kivuko limezunguka ofisi tatu.

"Dada, ramani ilipitishwa na baraza. Mpaka madiwani wakae tena," mhandisi humwambia.

Madiwani wanakaa Alhamisi. Jumatatu inayofuata, mjukuu wake anaanza darasa la kwanza hapo hapo.

Basi kila asubuhi anachora kwa chaki mbele ya lango. Na ajabu, madereva wanasimama. Anawatazama watoto wakipita juu ya mistari ambayo usiku haikuwepo, na moyo wake unajaa.

Madiwani wakikubali, atapaka rangi Jumamosi. Miaka yote amefukuza watu wasikanyage rangi mbichi. Safari hii atamleta mjukuu.

"Mstari wa mwisho, ule wa langoni, nitamwambia avue viatu aukanyage," anasema, akijipangusa chaki magotini. "Nyayo zikae pale pale. Siku nyingine mtu wa ramani akija, aone watoto wanapita wapi."