Friji ya Mzee Athmani

Nakumbuka siku moja ya masika, pale Junda, mtaa wa kwetu Kisauni, nilipoulizwa swali na mama mtu mzima. Swali lenyewe ninalo hadi leo.

Mwanangu, wakati huo nilikuwa kijana, nasomea shahada ya uzamili, na kichwa kimenivimba kwelikweli. Utafiti wangu ulikuwa wa umeme wa jua. Tuliunganisha nyumba kumi kwa mtambo mmoja, na mawingu yakitanda, kompyuta ndiyo iliyoamua nyumba gani izimiwe kitu gani. Taa zibaki, pasi na friji zingoje.

Kabla ya hapo nilipita kila nyumba kuuliza kifaa gani ni muhimu, kisizimwe. Kwa Mzee Athmani, fundi cherehani, nilikaribishwa barazani nikaletewa chai na mahamri. Nikamwuliza friji ni ya nini.

"Ya maji baridi tu, mwanangu," akasema.

Nikaandika: si muhimu.

Nami ni mtoto wa Kisauni! Nilijua fika kwamba mzee wa huku hamtajii mgeni ugonjwa wake. Lakini kuomba idhini nizungumze na mkewe niliona kutanichelewesha, na msimamizi wangu alikuwa akitaka takwimu.

Mle frijini mlikuwa na insulini, dawa yake ya kisukari. Mvua ilishika wiki nyingi, friji ikawa inazimwa kutwa, dawa ikaharibika kwa joto naye akiendelea kujidunga. Niliporudi kusoma mita nilimkuta amekatwa mguu.

Mkewe, Bi Mwanakombo, hakunifokea. Afadhali angenitukana. Mbele ya majirani waliokuja kumjulia hali mumewe, aliniambia, "Chai yangu umeinywa, baba. Mimi mbona hukuniuliza?"

Shahada nilipewa, tena kwa sifa. Mzee hakurudi kwenye cherehani yake, na mwaka ule ule tukamzika. Wallahi, sijui toba ya jambo hili inafanywaje.

Wewe Jumatatu waenda Likoni kufunga mita zako za utafiti. Usiishie barazani. Omba idhini, uzungumze na mama wa nyumba, na ukiambiwa hakuna shida, urudi uulize tena siku ya pili. Ukichelewa kumaliza, chelewa. Kukwambia haya hakunipunguzii kitu. Nakwambia kwa ajili yako.

Mimi njia ile ya Junda siipiti tena. Wewe Mungu akujalie kazi ambayo, ukishaimaliza, utaweza kurudi kuwaamkia wenye nyumba. Amin.