Kitu Ambacho Hatukukihamisha

Mwanangu, ipo jioni moja ya mwezi wa saba ambayo mpaka leo nikiikumbuka najifunika blanketi, hata kama ni mchana wa jua kali.

Nilikuwa kijana, nimetoka kumaliza shule ya usiku hapo mjini, na kichwa kilikuwa kimenivimba hata Arusha nzima haikuwa na kofia ya kunitosha. Mimi na kaka yangu tukaona nyumba ya mama kijijini Nkoaranga imechakaa. Tukaibomoa, tukamjengea nyingine ya vigae, mlango upande wa pili, choo ndani. Kila tulipomuuliza hali alijibu kwamba yeye mzima, anamshukuru Mungu. Tukaridhika.

Haikupita wiki tangu ahamie, ukungu ukashuka kutoka mlimani, mzito wa kukatwa kwa panga, na mama hayupo ndani. Kitanda kimepoa. Kandambili moja mlangoni. Chini ya migomba yetu kuna korongo, na njia yote ilikuwa utelezi. Tukaita, kimya. Moyo wangu ulidunda mpaka nadhani kule mjini Themi walifikiri ni ngoma ya harusi. Kila gogo nililolipapasa kwenye ukungu ule, niliogopa kugundua kwamba si gogo.

Shangazi, dada yake marehemu baba, hakuita. Aliuliza tu, "Hapa kitu gani hamjakihamisha?" Kisha akaenda moja kwa moja zizini, mahali pekee ambapo hatukupagusa.

Mama alikuwa huko, mguu mmoja peku, amejibana ubavuni mwa ng'ombe, kamba yake ameing'ang'ania kwa mikono miwili. Alikuwa ametusikia muda wote.

"Sioni, wanangu," alisema. "Siku nyingi sasa. Nyumba ile ya zamani niliijua kwa mikono. Nikanyamaza, maana mkijua mtanipeleka mjini mkanifungie getini."

Shangazi akatugeukia. "Nyumba mliipima kwa futi. Yeye alipimwa na nani?"

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, na jicho moja likaokolewa. Tukafunga kamba toka mlangoni hadi zizini, akaishi papo hapo kwake hadi mwisho.

Basi, mwanangu, usimuulize mzee kama ni mzima. Sote tutakuambia tu wazima, hata jeneza likiwa limeshafika uani. Shinda naye. Tazama anavyomimina chai, anavyoutafuta mlango. Halafu pangeni naye akiwa ameketi hapo hapo, na kabla ya yote mwambie hamtamng'oa kwake bila ridhaa yake. Akiwaogopa, atawaficha hata kidonda.

Nasikia mmeshanitengea chumba huko mjini, Elerai. Ahsanteni. Lakini njoo kwanza ulale hapa. Ukiniona nashika ukuta kwenda uani, usipige simu kwa wenzako; nipe mkono, uniulize mimi. Nitakuambia kweli, ingawa naogopa.

Mungu akuzeeshe, mwanangu, mahali ambapo mikono yako inapajua, na awepo wa kukutafuta ukungu ukishuka.