Mizani Mbili za Soko la Tulia

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na mume wangu akisikia hilo ataninunia mpaka Jumapili. Ni siku tuliyokaa baraza hapa Tulia kuamua kama ghala la serikali lifungwe. Nasikia Alhamisi mnakaa baraza lingine kwa jambo hilohilo, na wewe ndiwe utakayewasemea vijana. Basi keti kidogo unisikilize kabla hujaenda.

Nilikuwa msichana niliyetoka shule juzi, mdomo mwepesi. Mama yangu alikuwa amevuna ndengu vizuri msimu huo, na ndengu zote zilikuwa za kitu kimoja, tangi la maji. Alikuwa amechoka kwenda mtoni kufukua mchanga atafute maji, na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Tulijua hangeweza mwaka mwingine wa kazi hiyo.

Sokoni kulikuwa na wanunuzi wawili. Upande huu ghala la serikali, lenye bei iliyobandikwa ukutani na karani aliyejiona waziri. Ng'ambo ya barabara duka la Mzee Salim, Mwislamu wa Kitui mjini, aliyenunua kwa bei ya siku hiyo. Ikipanda amepandisha, ikishuka ameshusha, na malori ya Nairobi yalipakia kwake. Kuwa na wanunuzi wawili lilikuwa jambo geni bado. Miaka ya nyuma serikali ndiyo iliyonunua peke yake, na kusafirisha nafaka bila kibali kulikatazwa; baba aliwahi kunyang'anywa gunia la mahindi kwenye kizuizi cha polisi, naye alikuwa anampelekea tu dada yake chakula Makueni. Kwa hiyo soko lilipofunguliwa tulishangilia, na sisi vijana tukaona ghala sasa halina kazi.

Karani naye alitusaidia kuona hivyo. Wakati huo bei ya ghala ndiyo iliyokuwa juu, lakini mama akipeleka ndengu kwa punda anaambiwa hazijakauka. Anazianika, anarudi, anaambiwa zina taka, akapete tena. Jirani aliyempelekea karani kuku alipokewa siku hiyohiyo. Nililia kwa hasira, sikufichi. Baada ya ibada tukakubaliana, vijana wa kanisa, tumwombe chifu aitishe baraza, tuseme ghala lifungwe na jengo akodishiwe Mzee Salim. Tulidhani tunampa zawadi.

Barazani nilisema mimi. Na nilisema vizuri, usidhani mdomo huo wako uliurithi kwa jirani. Nilisema serikali ishughulike na barabara na hospitali, ituachie ndengu zetu. Watu wakapiga makofi, na chifu akamwuliza Mzee Salim kama yuko tayari kuchukua jengo.

Mzee akasimama polepole, lakini hakumjibu chifu. Alimwuliza mama yangu huwa anapima wapi magunia yake kabla ya kumletea yeye. Mama akainamisha kichwa. Unajua desturi ya soko letu. Unampitisha punda ghalani kwanza, unapima kwenye mizani ya serikali kama mtu anayetaka kuuza, halafu unasema utarudi, unavuka barabara. Kila mwanamke alifanya hivyo, na kila mwanamke alidhani Salim hajui.

"Napima kwa ghala," mama akasema, na baraza zima likacheka.

"Najua, mama," Mzee Salim akasema. "Hata bei mnaisoma kwa ukuta wao kwanza ndio mje kwangu. Hiyo ndiyo sababu mizani yangu iko sawa. Sasa huyu msichana anataka nibaki peke yangu hapa. Mimi ni mtu wa kuswali, lakini mkiniacha peke yangu nitawaibia. Nitaanza kidogo kidogo, hata mimi mwenyewe sitajua nilianza lini."

Kisha akanigeukia mimi, kwa ukali kama wa baba. Aliniambia nina haki ya kumkasirikia karani, ila ninataka kubomoa nyumba kwa sababu mpangaji ni mchafu. Akasema hata karani huyo amepunguza majivuno tangu yeye afungue duka, maana watu wana mahali pengine pa kwenda. Kazi yetu ni kumtia adabu zaidi, si kupunguza wanunuzi.

Nilikaa chini. Niliona aibu, lakini zaidi nilishangaa, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona mfanyabiashara akikataa faida mbele ya watu.

Tukaamua wanawake wawili wa mwethya, kile kikundi chetu cha kulima na kuchimba matuta kwa pamoja, wasimame ghalani kila siku ya soko wakati ndengu zinakaguliwa. Karani alinuna, lakini ndengu za mama zikapita. Nusu aliuza pale, nusu akampelekea Salim wiki iliyofuata, bei yake ilipopanda. Tangi lilikuja kwa mkokoteni kabla ya mvua, na mama akawa analipangusa kila asubuhi kama mtoto.

Sasa Alhamisi utawasikia watu wa aina mbili. Mmoja atasema serikali ni wezi, ghala liuzwe. Mwingine atasema wafanyabiashara ni wezi, serikali inunue kila kitu. Wote watakuwa na mifano ya kweli, na hapo ndipo vijana wengi hupotea. Wewe usimpendelee yeyote kati yao. Mwulize kila mmoja, ukibaki peke yako hapa, nani atakukagua? Akikosa jibu, usimpe ufunguo. Ghala libaki, malori nayo yaje, na nyinyi msimame katikati mkiangalia pande zote mbili, kwa sababu siku hao wawili watakapoelewana nyinyi mkiwa hamko, mmekwisha.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe maneno ya kweli na masikio ya kusikia ukikosolewa. Ndengu zako zisioze shambani, na nyumba yako isikose maji. Na kama siku moja watu watakusimamisha mbele ya baraza wakupe soko zima liwe lako, Mungu akupe moyo wa kulirudisha.