Ndara ya Riziki Kwenye Foleni

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, jua linachoma mpaka usukani wa gari haushikiki, nilipoamua kwamba siku hiyo binti yangu ataniita Papa, apende asipende. Usicheke. Nilikuwa kijana bado, nywele zangu zote nyeusi, na niliamini kabisa kwamba furaha ya mtoto inanunuliwa getini pamoja na tiketi. Jana baada ya ibada uliniuliza utawezaje kuwapeleka watoto wako kwenye ile bustani kubwa ya michezo, msimu huu ambapo kila mwenye gari anakwenda huko. Umemuuliza mtu anayejua. Kaa nikueleze, na hiyo simu iweke mfukoni.

Riziki alizaliwa kambini, upande wa Kigoma, tulikokimbilia kutoka kwetu Uvira, ng'ambo ya ziwa. Kaka yangu alikuwa ameniandikisha kwenye karatasi zake kabla sijaoa, na siku ya kusoma majina ya watu wa kuja Amerika, langu likasomwa na la mke wangu halikusomwa. Niliondoka mtoto hajaota hata jino. Tulidhani nitawatangulia kidogo tu. Kumbe mambo ya makaratasi yana mwendo wake, na mimi nikabaki kuwa sauti ya kwenye simu. Mama yake alikuwa anamwekea simu sikioni, anamwambia msalimie Papa, nami nasikia pumzi tu, halafu mtandao unakatika.

Walipofika hatimaye, nikaona pale uwanja wa ndege msichana mwenye miguu mirefu na macho ya marehemu mama yangu. Akanipa mkono, akainama kidogo kwa heshima, akarudi nyuma ya gauni la mama yake. Tukaanza kuishi. Mtoto hakuwa na kiburi wala ukorofi, ila mimi hakuniita chochote. Utamsikia, "Mama, mwambie chakula kimeiva," na mimi nimekaa hapo hapo, kijiko mkononi. Iliniuma sana. Mchana kutwa nilikuwa naogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kulea wazee, na wale wazee wananiita mpenzi, wananiita mwanangu, halafu narudi nyumbani kwangu, mtaa wa Adelphi, na damu yangu mwenyewe haina jina la kuniita.

Basi nikapanga ile Jumamosi. Mke wangu alikuwa na zamu, jambo nililoliona ni bahati, maana bila mama yake mtoto atamwambia nani "mwambie"? Nikamwalika Mama Nabintu, mama mzima wa kwaya yetu, jirani wa ghorofa ya chini, ambaye naye alipitia kambi ile ile. Riziki alimpenda, akimwita Bibi. Niliona akiwepo yeye, mtoto hataogopa.

Tulichelewa kutoka. Mama Nabintu haondoki kabla ya kusali, na hasali kwa kifupi, anaomba kuanzia tairi za gari mpaka kwa rais. Pale Springfield, barabara kubwa zinapofungamana, tukakuta magari ya watu wote waliokuwa na wazo kama langu. Tulipofika bustanini tuliegesha mbali mpaka Mama Nabintu akauliza kama tumekuja kwa miguu kutoka nyumbani. Getini mlinzi akafungua sufuria yake ya sombe, yale majani ya muhogo, akanusa, akatuambia irudi garini. Hilo nalo Mama Nabintu hajalisamehe mpaka leo.

Ndani, mwanangu, kulikuwa na watu. Mimi nimekimbia na watu, nimelala na watu, lakini wale walikuwa wengi. Macho yangu hayakujali. Niliyataka yale magari makubwa kuliko yote, yanayopandishwa juu ya mlima wa vyuma kisha yanaachiliwa yaporomoke, abiria mikono juu. Nilikuwa nimeona picha yake, baba na mtoto wamekaa pamoja wanacheka. Nikasema tutakaa hivyo hivyo. Foleni yake ilizunguka katikati ya vyuma, ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi, mwisho wake hauonekani.

Riziki aliitazama foleni ile kwa makini, kisha akamvuta Mama Nabintu kitenge.

"Bibi, hapa wanagawa nini?"

"Uliza Papa yako."

Hakuniuliza. Mimi nikajibu bila kuulizwa, kwamba hapa ni Amerika, hawagawi kitu, asimame tu atayaona. Tukasimama. Jua likatupiga. Nilikuwa nimemvalisha ndara mpya za waridi, akawa anazitazama ili asinitazame mimi. Kila nilipotafuta neno la kumwambia nilijikuta namweleza habari za mashine, urefu wake, kasi yake. Koo likanikauka. Nikawaambia wabaki mahali petu, nikaenda kutafuta maji, na kwenye maji nako kulikuwa na foleni yake.

Niliporudi sikuwaona. Niliona ndara moja ya waridi, peke yake sakafuni, katikati ya vyuma, na watu wanairuka kwenda mbele. Kijana mmoja akaikanyaga bila kujua, ukanda ukakatika, akaisukuma kando kwa mguu. Nikaangaza huku na huku, ndipo nikawaona chini ya kivuli cha kibanda, Mama Nabintu amekaa kwenye benchi anakanda magoti yake, na Riziki kando yake, mguu mmoja mtupu, ametulia kabisa kama mtu aliyeacha mambo yake vizuri.

Wewe ulizaliwa Nairobi, hutaelewa nisipokueleza. Kambini kwetu hakuna aliyesimama kwenye foleni ya bomba. Maji yalifunguliwa yalipofunguliwa. Kila nyumba iliweka jiwe lake kwenye mstari, au dumu, kisha watu wanaenda kutafuta kuni, kupika, kulala. Jiwe la mtu haliguswi. Maji yakija, unasimama ulipo jiwe lako, na hakuna wa kukuuliza. Mama Nabintu alipochoka akaenda kukaa, na mtoto akafanya alivyojua yeye. Aliweka ndara, akamfuata bibi yake kivulini.

Lakini mimi wakati ule sikufikiri habari za mawe. Nilijipenyeza kurudi mahali petu, na mwanamke mmoja akaniambia kwa upole, lakini kwa sauti ya kusikika, "Sir, the line starts back there." Watu wakageuka. Nilijisikia mdogo. Nikatoka na ile ndara iliyokatika, nikamwendea mtoto, nikampigia kelele kwamba anatuaibisha, kwamba hapa si kambini, na lini ataacha mambo ya kambi. Riziki akainamisha kichwa. Nikaona anarudi kule nyuma ya gauni, na gauni lenyewe siku hiyo halikuwepo.

Mama Nabintu aliacha magoti yake.

"Bon. Papa Riziki, funga kinywa kidogo," akaniambia. "Unapigia mutoto kelele juu ya nini? Kule kwa bomba weye ulikuwa unasimama na miguu siku muzima? Si ulikuwa unaweka jiwe, unaenda kulala? Wote tuliweka. Mutoto anafanya ile ya nyumba yenu. Umemuleta hapa, katikati ya watu hawa wote, ili akuone. Na weye haumuangalie. Tangu asubui unaangalia mashini."

Alikuwa amenichana barabara, na kila neno lilikuwa la kweli. Nikabaki na ndara mkononi, sijui niiweke wapi. Hapo ndipo Riziki aliposema, taratibu, macho yake kwenye ule mguu mtupu:

"Jiwe la Papa lilibaki kule. Nilitaka kulibeba, Mama akasema ni zito. Ndiyo maana nikaweka kiatu."

Ngoja nikueleze hilo jiwe.

Wiki ile ya kuondoka, mwanangu, nilikuwa nimeokota rangi ya bluu iliyobaki walipopaka mlango wa zahanati, nikapaka jiwe letu, ili mke wangu peke yake na mtoto mchanga asije kunyang'anywa nafasi bombani. Nilipaka nikalisahau. Nimefika huku, nimeosha vyombo, nimeogesha wazee, sijalikumbuka hata siku moja.

"Jiwe gani?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Lile la bluu. Nililiweka mimi kila asubuhi. Wakiuliza la nani, nasema la Papa."

Nililia. Sikujificha wala sikusingizia jua. Miaka yote niliyodhani mtoto hana jina la kuniita, alikuwa analitamka kila asubuhi mbele ya foleni nzima, na watu wanampisha kwa jina hilo. Mimi ndiye sikuwepo kusikia. Mama Nabintu akaanza kufungua mkoba wake kutafuta karanga ambazo mlinzi hakuziona.

Nikakaa chini, matako sakafuni, tukala karanga. Riziki akanitazama, safari hii machoni.

"Kule mbele wanagawa nini?"

"Hawagawi kitu. Wanapandishwa juu, wanapiga kelele, wanashushwa."

"Wakishuka wanapewa nini?"

"Hakuna."

"Na wamepanga foleni yote hii?"

Akacheka. Alicheka mpaka karanga zikamtoka mdomoni, na mimi nikacheka, maana ukiitazama kwa macho yake ni jambo la ajabu kweli. Nikamuuliza basi yeye anataka nini. Akaonyesha kale katreni kadogo kanakozunguka bustani polepole, kanapita pembeni ya maji. Kale nilikuwa nimekapita asubuhi bila kukatazama.

Nako kalikuwa na foleni. Safari hii Mama Nabintu ndiye aliyetuongoza, na nilimwona anavyofanya. Alifika, akawasalimu waliokuwa mbele, akawasalimu waliokuja nyuma, kwa Kiingereza chake cha maneno machache na mikono mingi. Akawaonyesha magoti yake, akawaonyesha benchi, akawaonyesha sisi. Wakamwelewa. Akaenda kukaa, na ilipofika zamu yetu ni wale wa nyuma waliomwita, "Mama, come, come!" na hakuna aliyenung'unika. Nafasi yake ilitunzwa vizuri kuliko jiwe.

Na kwa kuwa ndara ilikatika na sakafu ilikuwa ya moto, nilimbeba Riziki mgongoni. Mwanzoni alijikaza. Halafu foleni ikasogea kidogo, ikasimama, na nikasikia kidevu chake kimetua begani kwangu. Akaanza kunihadithia habari za bomba, nani aligombana na nani, jiwe la nani liliibwa. Mara akanigonga bega, "Papa, sogea, wamesogea." Nikasogea. Mwanangu, foleni ile ilikuwa ndefu, na mimi niliomba Mungu isiishe.

Sasa sikia. Nenda mapema, usiombe mpaka kwa rais, Mungu ataelewa. Chakula mtakachobeba mtakirudia garini, kwa hiyo egesha karibu na kivuli kama unaweza, na mchana joto likizidi tokeni, mle, mlale kidogo, mrudi wengine wanapochoka. Kabla hamjaingia katikati ya watu, onyesha watoto mahali pamoja pa kukutana, kila mmoja apaone kwa macho yake. Chagueni jambo moja au mawili, na moja alichague mtoto, hata likikuchosha wewe. Ukikosa mengine hukukosa kitu, kwa sababu mbele kule kweli hawagawi chochote. Na ukifika kwenye foleni yoyote, msalimu wa mbele yako na wa nyuma yako. Ukiwasalimu wale wawili, umati umepungua hapo hapo. Mtoto akitaka choo, watakutunzia nafasi.

Lakini hayo yote hata Riziki angekuambia, na hunihitaji mimi. Ameshakuwa mtu mzima, anakaa Springfield, na wanawe wananijibu kwa Kiingereza ninapowasemesha. Kiangazi kilichopita tulikwenda wote, na mdogo akalia, "Babu, this line is too long!" Mama yake akamwambia, "Basi panda mgongoni kwa Babu." Mgongo wangu si ule tena. Nilimbeba.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Mtoto wako hakuja kuona mashine, amekuja kukuona wewe, na wewe na kazi zako za zamu mbili ni vigumu kuonekana. Kule kwenye foleni huna pa kukimbilia. Huna zamu, huna basi la kuwahi. Mmebanwa pamoja, naye ana mengi aliyoyashika juu yako ambayo hujawahi kuyasikia. Usimwambie habari za urefu wa vyuma. Muulize, kisha nyamaza umsikilize.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani, akuepushie msongamano wa Springfield, akulindie hao watoto wasikupotee machoni. Akupe magoti yenye nguvu na mgongo usiouma. Na mtakapofika, akupe foleni ndefu, na mtoto mgongoni anayekuambia sogea.