Hema la Juu ya Gari

Mama yangu alikuwa na magoti mabovu na buibui refu, na mimi, mwanawe wa pekee, nikamnunulia hema la kulalia juu ya paa la Landrova yangu kuukuu. Leo nina umri aliokuwa nao wakati ule, na bado uso unanichoma nikikumbuka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani mjini, na tulikaa mtaa wa Ngara, mimi, mke wangu na mama, aliyehamia kwetu kutoka Mombasa baada ya kufiwa na baba. Alikuwa na ombi moja tu: alale mbugani hata usiku mmoja, aswali alfajiri juu ya nyasi, kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Nilimwahidi kwa kifua mbele.

Muuza maturubai, Mhindi wa makamo, alinitandazia hema la chini. Lilikuwa na pazia katikati, mama upande wake na sisi upande wetu, na nafasi ya kutandika mswala.

"Mama mzee iko? Basi chukua hii, bwana. Ile ingine ya ngazi ni ya kijana."

Lakini mkubwa wangu wa kazi, aliyekaa Karen kwa matajiri, alikuwa nalo la juu ya gari, na mimi nilikwisha kujiona nikikatiza nalo mitaa ya Westlands watu wakigeuza shingo. Nikasema mbugani kuna simba na nyoka, mama na mke wangu watakuwa salama juu, mimi nitalala ndani ya gari. Nilimfanya mama kisingizio. Muuzaji akasema nikibadili nia kabla ya safari nilirudishe, atanipa la chini.

Siku moja kabla ya kuondoka nikalikunjua uani ili mama ajaribu. Majirani wakatoka kutazama, na ndivyo nilivyotaka. Mama akapanda vidato viwili, akakwama. Kila akiinua goti, buibui linapanda nalo. Jirani yetu Kalasinga, fundi wa magari, akaona kabla yangu.

"Nyinyi yote geuka! Angalia ukuta!"

Wanaume wote wakageuka, na watoto wakageuzwa. Mimi peke yangu nilibaki nimeshika ngazi, nikitazama juu, nikisema, "Haraka basi mama, watu wanakungoja."

Hakuna aliyekuwa akimngoja. Walikuwa wamempa mgongo kwa heshima.

Akashuka, akajitengeneza buibui. "Enendeni nyinyi, mwanangu. Mimi n'talinda nyumba."

Duka lilikuwa bado wazi, si mbali. Mke wangu akanihimiza, mama akisikia, nikalibadilishe. Nikasema nimechoka, tutaona asubuhi. Ukweli ni kwamba uani wote walikwisha kuliona, na niliogopa kuchekwa.

Asubuhi tukaenda. Mama alisimama mlangoni mpaka gari likakata kona. Nyasi nilizokuta huko zilikuwa nzuri, na sikuweza kuzitazama.

Tuliporudi alitupokea vizuri, akauliza habari za twiga. Nikiingiza mizigo nikakuta kikapu chake nyuma ya mlango, kimefungwa kwa kamba: birika la kutawadhia, kanga mbili, mswala wake mpya. Nikamuuliza kwa nini hakukifungua.

"Nalidhani mwapitia dukani kwanza," alisema, "kisha mwaja kunitwaa."